Uliza Nambari ya Anayekama

Kitengela, jioni ya kufunga mizigo

Mwende wangu,

Umeenda kusukwa, na kwa vile kichwa chako ni kikubwa kama cha babu yako, najua niko na muda mpaka giza liingie. Nimeosha mitungi. Nimefagia, halafu nikafagia tena palepale nilipokuwa nimefagia. Sanduku lako nimelifungua na kulifunga bila kuweka wala kutoa kitu. Sasa nimekaa kwa meza na karatasi nilizochana kwa daftari la Syombua, na akirudi mdogo wako tutakosana.

Ukiuliza kwa nini nakuandikia na bado tunalala nyumba moja, sijui nitakujibu nini. Hata Mama Achieng wa mlango wa pili ameniuliza. Amekuja kuchukua maziwa yake akanikuta nimeinama hapa kama mtoto wa mtihani.

"Unaandika nini, dada? Umeanza kuomba kazi?"

"Barua ya Mwende."

"Barua! Na ako hapo kwa salon naona miguu yake! Si umpigie simu akifika?"

"Nitampigia."

"Ama unaogopa atakuwa mteja, hapatikani?" Akacheka mpaka akamwaga maziwa kidogo mlangoni. Akaenda akicheka.

Lakini Mwende, unajua mimi na simu. Nitasema, "Umekula?" Utasema, "Nimekula." Nitasema, "Kuna baridi huko?" Utasema, "Kidogo." Halafu nitasema haya, kwa sababu nahesabu credit kichwani hata kama iko, na ile kitu niliyotaka kusema itabaki kooni. Afadhali karatasi. Karatasi haikati.

Habari ya kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango na kwenda kanisa, sitaandika. Nimekuimbia wiki nzima mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Nataka kusema juu ya jambo moja tu, lile ulilosema Jumapili tukitoka kanisani.

Ulikuwa na furaha. Uliniambia kazi ya huko Rombo ya Kajiado ni rahisi. Kampuni ya maziwa inafungua mtambo wa kupoza, na wewe utazunguka kwa maboma kuandikisha watu kabla maziwa hayajaanza kuchukuliwa. "Ni kuandika tu, mum. Jina la mwenye boma na nambari yake ya simu. Pesa inatumwa kwa hiyo nambari mwisho wa mwezi. Hakuna mtu wa kubeba pesa, hakuna mtu wa kuibiwa." Ukaenda nje kuanua nguo ukiimba.

Mimi nilibaki nimeshika kichujio. Tangu hiyo siku sijakaa chini vizuri. Umeniuliza mara nyingi, "Mum, unatafuta nini?" nami nasema sitafuti kitu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Wacha nianzie kwa kalvati.

Unaikumbuka? Ile ya kupita Isinya, mahali maji ya mvua yanapita chini ya barabara ya Namanga. Ulikuwa unakaa juu ya mtungi wangu mtupu, miguu haifiki chini, na wale kina mama wa Kimasai waliokuja kuuza maziwa wanakushika mashavu. Hiyo Maa yako ambayo sasa imekupa kazi uliiokota pale, ukiwa na makamasi. Mimi nilijifunza ya kununulia tu. Wewe uliwahi kuwajibu mpaka wakaniambia, "Huyu si Mkamba. Umemwiba wapi?"

Nilikuzaa nikiwa bado natoka chunusi. Nilikuwa na darasa la nane na sufuria moja. Baba yako alikuwa na kazi kwa kiwanda upande wa Athi River, halafu hakuwa na kazi, halafu hakuwako. Kitengela wakati huo ilikuwa maduka ya kando ya barabara na upepo. Ukivuka nyumba za mwisho unakuta pundamilia wanakula pamoja na ng'ombe wa watu. Nilianza maziwa kwa sababu ilikuwa biashara niliyoweza kufanya na mtoto mgongoni.

Mama Lemayian ndiye alikuwa mama wa kwanza kuniuzia. Jina lake ni Nashipae, lakini sijawahi kumuita hivyo. Wengine waliniangalia kwanza. Yeye alifungua kibuyu chake, akanimiminia kwa kifuniko, akasema, "Onja. Usinunue kitu hujui." Yalikuwa na ule utamu wa moshi, kwa sababu wanasugua kibuyu kwa ndani na kijinga cha moto. Wateja wa hapa ploti wengine walilalamika maziwa inanuka jikoni. Wengine, kama hukuleta yenye moshi, walinuna.

Yeye ndiye alinifundisha mambo ya maziwa kwao. Ng'ombe ni wa mzee, hiyo haina maneno. Lakini maziwa yakishatoka kwa ng'ombe yakaingia kibuyu, ni ya mama. Mama ndiye anajua hii ni ya watoto, hii ni ya mgeni ambaye bado hajafika, hii ndama ameachiwa. Ile inayobaki ndiyo inakuja barabarani, na pesa yake inaingia kwa kitambaa cha mama, na mzee haulizi. Siku moja niliwauliza, kwa ujinga wangu, "Na mzee akitaka kuuza mwenyewe?"

Kalvati nzima ilicheka. Mama mmoja alishika tumbo.

"Mwanaume ashike kibuyu?" Mama Lemayian akasema. "Atakama na ndevu?"

Hata wewe ulicheka, na hukuelewa kitu.

Shida yetu ilikuwa kutojua. Nilikuwa naenda huko asubuhi na kukuta kalvati tupu, kwa sababu mto umejaa na hawawezi kuvuka. Ama wao wanakuja na maziwa mengi na mimi siko, kwa sababu wewe una homa. Maziwa hayangoji mtu. Mara ngapi nilirudi hapa na mtungi, nikachemsha, ikakatika kwa sufuria mbele ya macho yangu? Na mwenye hoteli amesimama mlangoni ananiambia yeye hanunui maneno.

Kwa hivyo mtandao ulipofika, tukiwa tumeingia miaka ya elfu mbili, mimi nilikuwa kati ya wanawake wa kwanza hapa kununua simu. Ulikuwa unaiita tofali. Ilikuwa ya mkono wa pili, na betri nilifunga na mpira wa chupi. Sitaki ufikiri nasema simu ni mbaya. Lemayian alipoumwa na nyoka, ilikuwa simu ya babake iliyoleta pikapu mpaka bomani na kumfikisha hospitali Kajiado akiwa hai. Bila hiyo simu wangembeba kwa ngozi mpaka barabarani, na wangechelewa. Mimi mwenyewe simu ilinitoa kwa chumba cha mabati ikanileta kwa hiki cha mawe. Hiyo ni kweli, na nitaisema mbele ya mtu yeyote.

Lakini sikiza vile ilianza.

Nilienda kalvati na tofali langu, najisikia. Nikamwambia Mama Lemayian anipe nambari, niwe nikijua kesho kuna maziwa ama hakuna.

"Nambari yangu?" Akajiangalia shanga, akaangalia shuka. "Nitaifunga kwa ng'ombe gani?"

"Hakuna simu kwenu?"

"Iko ya mzee. Anabeba kiunoni kama rungu. Anaulizia bei ya ng'ombe kabla hajatoka nyumbani, siku hizi hadanganywi na madalali wa mnada." Alikuwa anajivunia, Mwende. Alikuwa anampenda mzee wake. "Chukua hiyo."

Nikachukua. Ungekuwa wewe ungechukua. Hakuna mtu angeona ubaya.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Napiga jioni, Baba Lemayian anashika, "Supa, Mama Mwende!" Kelele nyingi, kana kwamba anataka nimsikie bila simu. Namuuliza maziwa ya kesho. Namsikia anaita ng'ambo ya boma, na sauti ya mama inajibu mbali, karibu na ndama. Mama anasema itakuwa kiasi hiki, mzee ananiambia kiasi hiki. Nilikuwa naenda na mtungi unaotosha, na kurudi umejaa.

Halafu ile hoteli ya stendi ikataka zaidi. Nikampigia.

"Baba Lemayian, naweza kupata zaidi kesho?"

"Unataka ngapi?"

Nikamwambia. Nikangoja aite ng'ambo. Hakuita. Akasema, "Utapata."

Hapo ndipo, mtoto wangu. Nimerudi hapo kichwani mara nyingi nikiwa naosha mitungi. Nilisikia kabisa kwamba hakuita. Nikajiambia, vizuri, leo imekuwa haraka.

Hakuwa mtu mbaya. Mtu akikupigia akakuuliza una kitu, na wewe ni mzee mwenye ng'ombe, utasema huna? Alikuwa anaahidi maziwa ambayo bado yako ndani ya ng'ombe. Hakujua ya mgeni ni gani wala ya watoto ni gani, hiyo haikuwa kazi yake tangu azaliwe. Alikuwa anajua tu amesema na amesikika. Na mimi asubuhi nikifika kalvati, Mama Lemayian ananimiminia kile mzee alichoahidi, mpaka kibuyu kinatoa ile sauti ya utupu. Alikuwa ameacha kuongea mzaha. Nilidhani ni uchovu, alikuwa na mimba.

Siku moja nikakuta mzee mwenyewe amesimama kalvati, amevaa koti, anaelekea mnadani. Akasema, "Leo pesa nipe mimi, napita mnadani." Nikampa. Mama Lemayian alikuwa amekaa palepale anafunga kibuyu. Hakuinua macho. Kesho yake mzee tena. Baadaye ikawa ni hivyo tu, kwa sababu mimi na yeye ndio tulikuwa tunaongea, na mtu analipa yule anayeongea naye. Sikumuuliza mama hata siku moja. Kama ningeuliza angenijibu nini, na mzee amesimama?

Hakuna mtu aliiba, Mwende. Hakuna mtu aligombana. Mambo ya kina mama ambayo yamekuwa hivyo tangu mama zao yaliondoka kwa mkono wao bila kelele, kwa sababu mimi nilitaka kujua kama kesho kuna maziwa.

Sasa ile siku ya chai unaikumbuka, najua, kwa sababu ulishawahi kuniuliza na nikakuambia nyamaza, umalize homework.

Alikuja hapa Kitengela kwa miguu. Wewe ulikuwa umetoka shule na ile sweta ya kijani yenye kiwiko kimetoboka. Alibeba kibuyu. Nikamkaribisha kwa kiti, nikaweka chai, nikaweka maziwa mengi kwa sababu ni mgeni, na ni mama aliyeniuzia kwanza. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanusa.

"Hii ni ya ng'ombe yetu."

"Ndiyo. Ya leo."

"Ile nyekundu. Najua." Akanywa kidogo. "Tamu."

Nikasema asante, kana kwamba mimi ndiye nimezaa ng'ombe.

"Watoto wangu wanakunywa strungi, haina tone la maziwa," akasema.

Alisema hivyo tu, bila hasira. Vile mtu anasema jana kulinyesha. Halafu akaangalia kikombe, akakuita wewe, "Kuja, enkerai, kuja mtoto," akakupa umalizie. Na wewe ukanywa, kwa nini usinywe, ulikuwa mtoto na ulikuwa na njaa.

Unajua mimi nilijibu nini? Nilisema, "Pole. Lakini hiyo si ni mambo ya nyumba yenu? Ongea na mzee."

Ongea na mzee! Mimi ambaye nilikuwa naongea na mzee kila jioni. Yeye alikuwa ametembea barabara nzima kwa miguu kuja kuongea na mtu mmoja ambaye angeweza kubadilisha hiyo kitu kwa kubonyeza simu yake, na huyo mtu akamrudisha nyumbani. Nilimfungia sukari kwa karatasi, nikamsindikiza mpaka barabarani. Kibuyu alikiacha chini ya kiti. Nilipokiona nilisema nitampelekea kesho.

Sikupeleka. Nilikuwa na hoteli ya stendi, nilikuwa na school fees, nilikuwa na mimba ya Syombua inanitapisha. Lakini sababu ya kweli ni aibu. Nilianza kumtuma kijana wa baiskeli aende kalvati. Kile kibuyu ndicho ulichowekea penseli zako mpaka ukamaliza darasa la nane.

Baadaye simu ya mzee ikazoea kulia. Kwanza ilikuwa mimi na maziwa, halafu ikawa watu wa ploti. Uliona vile Kitengela ilikatwa mpaka ikafika Isinya, kila siku waya mpya, na mtu wa Nairobi na gari anauliza nani anauza. Sisemi ni mimi niliyewaleta. Wangekuja. Lakini huwa najiuliza, kama pale kwa maziwa mzee angekuwa bado anaita ng'ambo ya boma kabla hajasema "utapata," labda hata kwa shamba angeita. Hakuita. Shamba likaenda kipande kwa kipande, ng'ombe wakakosa pa kupita, na Mama Lemayian akahama na watoto wakaenda Rombo kwa dada yake. Mimi nilisikia kwa watu, nikiwa sokoni. Hakuniaga. Kwa nini aniage?

Tangu hapo nilibadilisha. Pole pole, si kwa ushujaa. Kila mama aliyeniuzia nilimwambia, nitafutie nambari yako wewe. Wengine walicheka. Wengine walikuja na nambari ya kaka, nikakataa. Halafu zile simu ndogo za tochi zilipokuja, mulika mwizi, kila mtu akaweza. Kuna mama wa upande wa Bisil alikuwa anaficha yake kwa mkebe wa unga. Nikipiga, unga unanguruma. Na pesa ya simu ilipoanza, hapo ndipo niliona macho ya kina mama yakifunguka. Pesa inaingia kwa laini yake na nambari yake ya siri, hakuna mtu amesimama kalvati na koti. Simu ile ile, mtoto wangu. Kitu ni kile kile. Inategemea tu iko kiunoni mwa nani.

Na mwaka huu, nikiwa napima maziwa, ikalia nambari nisiyoijua.

"Ni mimi," sauti ikasema.

"Nani?"

"Ati nani! Umesahau kule?"

Kule, kwa Maa, ni maziwa. Nilikaa chini kwa ndoo. Kumbe alikuwa amepata nambari yangu kwa huyo mama wa unga. Ana simu yake sasa, ameishonea mfuko wa shanga, anaivaa shingoni. Aliniambia habari ya mvua, habari ya Lemayian ambaye anaendesha trekta, na mwisho akauliza kama yule msichana aliyejua Maa alimaliza shule. Kuna watu wa maziwa wanatafuta msichana wa kuandika. Hiyo kazi unayoimbia, Mwende, imetoka kwa mkono wake. Mtu ambaye mimi nilimfungia sukari.

Nawe unaenda huko na fomu inayosema mwenye boma.

Sasa unaona kwa nini nafagia.

Wewe utaenda kwa boma. Mzee atatoka, atakusalimu, atakupa kiti, kwa sababu wewe ni mgeni na una kalamu. Utauliza nambari, atasema yake, atasema kwa kujivunia. Mama atakuwa kule kwa ndama. Wewe utaandika, utasema ashe, asante yao, utaenda boma lingine. Hakutakuwa na ubaya wowote utakaoonekana. Mimi nilifanya hivyo kwa boma moja na najua kilichofuata. Wewe utafanya kwa Rombo nzima kabla ya mwezi kuisha, na kwa karatasi ya kampuni, ambayo haifutiki kama maneno ya kalvati.

Na ukimwambia bosi wako fomu ni mbaya? Sijui. Hapo ndipo nimeandika nikakata, nikaandika nikakata, unaona mwenyewe hapa juu. Sitakudanganya kwamba hatuhitaji hiyo kazi. Syombua anaingia darasa la nane. Mgongo wangu unajua kila mtungi niliobeba. Kuna siku wiki hii nimejiambia, wacha mtoto aandike vile ameambiwa, yeye si wa kwanza, na hawa watu wana wakubwa wao. Nimejiambia hivyo nikaanza kupika, na chakula kikaungua.

Nimesimamisha kuandika kidogo. Ilikuwa simu, na ilikuwa ni yeye, Mama Lemayian.

"Mtoto amefunga nguo?"

"Amefunga. Ameenda kusukwa."

"Asisukwe sana, huku kuna vumbi. Nitamngoja barabarani. Nimemwekea kitanda kwa nyumba ya mawe, si ile ya udongo, asikuambie nimemlaza na mbuzi."

Nikacheka. Halafu nikasema, bila kupanga, "Mama Lemayian. Ile siku ya chai."

Nilisikia kuku kwake.

"Ile sukari yako," akasema, "niliweka kwa strungi. Watoto walifurahi sana. Walisema yule mama wa Kitengela ni mzuri." Nikamsikia akifukuza kuku. "Mimi nilikuja kukuonyesha kitu na wewe ukanipa sukari."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Nilijua siku hiyo."

"Haya," akasema. Sikujua hiyo haya ni ya nini, na sikuuliza. Nikamwambia kuhusu fomu. Nikamwambia inaandika mwenye boma. Alicheka kile kicheko cha kalvati, lakini kifupi.

"Na huku mwenye boma ni nani? Mzee wangu ako Kitengela kwenu anazunguka na madalali. Mtoto ataandika nani, ndume?"

"Ndiyo naogopa. Kwa boma zingine mzee yuko."

"Mlete tu," akasema. "Aanzie kwangu. Akishaandika kwangu ataona vile inaandikwa. Na kama watu wake watampigia kelele, sisi kina mama tutabeba vibuyu vyetu tukae huko kwa mlango wao. Bila vibuyu hiyo mashine yao itapoza nini?"

Halafu akakata. Yeye pia anahesabu credit.

Kwa hivyo sikiza, Mwende, na hii si ushauri, hii nakuambia kama mama yako. Ukifika kwa boma, salimia mzee kwanza, kwa heshima yote, usimpite kama mlango. Keti alipokuonyesha. Muulize habari ya ng'ombe. Halafu mwambie umetumwa na watu wa maziwa, na mambo ya maziwa ungeomba kusikia kwa yule anayekama. Sema kwa Maa yako nzuri. Mzee wa kweli hatakasirika, atakumbuka mwenyewe. Hata wao wazee walikuwa wanacheka mwanaume akishika kibuyu. Mngoje mama atoke kwa ndama. Hata akichelewa, mngoje.

Kwenye fomu, pale palipoandikwa mwenye boma, andika jina la mzee, ni haki yake. Pale pa nambari, andika ya mama. Kama hana, acha wazi, mwambie utarudi. Bosi akiuliza kwa nini umeacha wazi, mwambie maziwa bado hayajapata mwenyewe. Akikufukuza, rudi nyumbani. Nasema rudi, na najua ninachosema. Kitanda chako sitampa mtu, na mgongo wangu bado una mitungi kadhaa ndani yake. Lakini usirudi ukiwa bado na kazi, na moyo wako umeanza kufagia mahali palipofagiwa.

Kile kibuyu nimekiweka katikati ya blanketi zako. Kimekauka na kina ufa karibu na shingo, na ndani kuna alama za penseli. Usikioshe. Mpe Mama Lemayian vile kilivyo.

Nasikia sauti yako hapo nje, unaringia Mama Achieng na nywele. Kwa hivyo nafunga haraka.

Jambo la mwisho. Mtu akikupa nambari, usiandike kwanza. Ipige palepale, ukiwa umesimama mbele yao, halafu uweke kalamu chini na usikize. Itakuja kulia mahali. Usiangalie nani amekuambia. Angalia inalia ndani ya shuka ya nani, na kama si ya anayekama, usiandike.

Anzia kwa Mama Lemayian. Yake italia shingoni, kwa shanga.

Mimi mamako, ambaye nitajifanya niko na kazi jikoni ukiingia.